Kuishi Mérida, na siku moja Izamal

Anayehamia Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán kusini-mashariki mwa Meksiko, huwa ameshasoma mengi kuhusu usalama wa mji na bei ya nyumba. Mwezi wa kwanza unamsumbua kwa mambo mengine kabisa: muhuri wa uwanja wa ndege, pampu inayounguruma bila kupandisha maji, bili ya umeme, na anwani ambazo hazifanani na za kwao. Nitaanza na hayo, kisha nitakwenda Izamal, mji wa kale wa kuta za manjano ulio kama kilomita 70 mashariki mwa Mérida. Katika safari zote za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ndiyo ningemshauri mgeni aanze nayo, na ningemshauri aende kwa basi la kawaida, asubuhi sana, siku ya kazi.

Karatasi

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kuingia Meksiko. Aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen anaruhusiwa kuingia kama mgeni bila viza ya Meksiko, lakini hapo ni kutembea tu. Kuishi ni habari nyingine. Viza ya mkaazi wa muda huombwa ubalozini nje ya Meksiko, na kwa aliyeko Afrika Mashariki ubalozi uko Nairobi. Viza inayobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kuingia mara moja ndani ya siku 180. Si kibali cha kuishi.

Penye hatari ni dirishani, uwanja wa ndege. Ofisa anatakiwa akuandikie neno canje na siku 30, maana yake una siku 30 za kwenda ofisi ya uhamiaji (Instituto Nacional de Migración) kubadilisha viza iwe kadi. Akikuandikia siku 180 za utalii, kwa mazoea au kwa haraka, umeingia kama mtalii na njia ya kwenye kadi imekatika. Kwa hiyo fungua pasipoti palepale, usome, na kama si sahihi useme kabla hujaondoka dirishani. Ukishatoka nje ya uwanja, kulirekebisha kosa hilo ni kazi ya wiki kadhaa na mara nyingine wakili. Siku 30 ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Shughuli ikishaanza usitoke nchini mpaka upate kadi, au uombe kwanza kibali maalumu cha kutoka na kurudi. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, na baada ya miaka minne unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ada hubadilika kila Januari, kwa hiyo usitegemee kiasi ulichokisoma mwaka jana.

Jambo moja lisemwe wazi kwa wasomaji wetu. Miaka ya karibuni Wakongomani, Wakameruni na Wahaiti wengi wamepitia Tapachula, mpakani na Guatemala, wakielekea kaskazini, na baadhi ya maofisa wa uhamiaji humchukulia kila Mweusi aliye ndani ya basi kuwa msafiri asiye na karatasi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Meksiko ilitamka kwamba ukaguzi wa namna hiyo njiani ni kinyume cha katiba, katika kesi ya vijana wenyeji wa Chiapas, raia wa nchi hiyo, walioshushwa kwenye basi. Hata hivyo ukaguzi haujatoweka. Beba kadi halisi, nakala haitoshi. Iwe mfukoni, isiwe kwenye begi lililo chini ya basi.

Nyumba

Mwenye nyumba wa Mérida mara nyingi atakutaka aval, mdhamini anayemiliki nyumba au kiwanja, tena ndani ya mji uleule. Mgeni hana. Njia mbili hukubalika: kulipia póliza jurídica, yaani wakala wa sheria anayekuchunguza na kusimama badala ya mdhamini, au kuweka amana ya miezi zaidi ya mmoja. Mkataba kwa kawaida ni wa mwaka. Kabla hujatia sahihi omba bili ya umeme ya mwisho, na utafute juu yake herufi tatu: DAC.

Herufi hizo ndizo zinazotofautisha bili ya kawaida na bili ya kutisha. Umeme wa majumbani unauzwa na CFE, shirika la serikali, kwa ruzuku, na bili huja kila miezi miwili. Wastani wa matumizi ya miezi 12 ukivuka kiwango kilichowekwa kwa eneo hilo, nyumba inahamishiwa DAC, daraja la matumizi makubwa, na ruzuku yote inaondoka, si kwa uniti za ziada tu bali kuanzia uniti ya kwanza. Na kwa kuwa ni wastani wa mwaka, mpangaji mpya anarithi dhambi za aliyemtangulia: unaweza kuishi kwa feni moja na bado ukalipa bei ya DAC kwa miezi mingi mpaka wastani ushuke. Kama bili inaonyesha DAC, jadili kodi upya au tafuta nyumba nyingine. Kiyoyozi cha ukutani, minisplit, ndicho kinachokula umeme. Chagua cha inverter, yaani kinachopunguza kasi chenyewe badala ya kuzima na kuwaka, ukiwashe chumba cha kulala tu, na mlango ufungwe. Joto la Aprili na Mei hufika nyuzi 40, basi usijidanganye kwamba utaishi bila hicho; jipange namna ya kukitumia.

Vifaa vya umeme vya nyumbani viache nyumbani. Meksiko ni volti 127 na hezi 60, plagi za miguu miwili bapa. Birika la Dar es Salaam la wati 2,000 kwa volti 240, ukilichomeka hapa hata kwa adapta, linatoa kama wati 560, kwa kuwa nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Maji yatachemka, ila kwa muda zaidi ya mara tatu na nusu. Pasi haitanyoosha kitu. Chaja za simu na kompyuta mpakato zilizoandikwa 100–240V hazina tatizo.

Sasa maji, ambayo nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo yanayowashinda wageni wengi. Katika nyumba nyingi maji ya mtaa huingia kwanza kwenye tangi la chini, cisterna. Pampu huyasukuma mpaka tinaco, tangi la plastiki juu ya paa, mara nyingi la lita 1,100, na kutoka hapo yanashuka yenyewe hadi bombani. Siku yatakapokatika ghafla huku pampu inaunguruma, kabla ya kuita fundi tazama kitu kimoja: pichancha. Ni vali ndogo ya shaba au plastiki iliyofungwa ncha ya chini ya bomba la kufyonza, ndani ya maji. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi chini pampu inapozimika. Rasi nzima ya Yucatán ni jiwe la chokaa, na maji yake yana chokaa nyingi. Ganda la chokaa au chembe ya mchanga ikikwama kwenye vali, maji yaliyomo bombani hurudi kwenye tangi, pampu inajaa hewa, nayo inazunguka pakavu. Ikiachwa hivyo, sili huungua na hapo ndipo gharama inapoanza.

Zima swichi ya pampu. Hakikisha tangi la chini lina maji na ncha ya bomba imezama. Juu ya kichwa cha pampu kuna kizibo kidogo cha kufungua kwa spana. Kifungue, mimina maji polepole mpaka yafurike na mapovu yaishe, kisha ngoja dakika tano bila kugusa kitu. Maji yakibaki palepale, funga kizibo, washa, na usikilize: mlio utabadilika ukawa mzito maji yanaposhikwa. Yasipopanda ndani ya dakika mbili, zima. Lakini kama ndani ya zile dakika tano kiwango kilishuka chenyewe, basi pichancha haifungi. Itoe, iloweke kwenye siki usiku mzima, isugue kwa mswaki wa zamani, na ukiirudisha funga uzi wake kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, kwa sababu hewa inayoingia kwenye kiungo kilicholegea huleta ugonjwa uleule. Mpya inapatikana katika kila tlapalería, duka la vifaa vya ujenzi la mtaani, kwa bei ndogo. Siki hiyohiyo ndiyo dawa ya kichwa cha bafu kilichoziba.

Maji ya bomba hayanywewi. Sehemu kubwa ya Mérida inategemea mashimo ya maji taka ya kila nyumba, na jiwe la chokaa lina matundu, kwa hiyo yaliyo juu hufika chini. Watu wote, matajiri kwa maskini, hununua garrafón, chupa kubwa ya lita 20. Ya kwanza unalipia pamoja na chupa, baadaye unabadilisha tupu kwa iliyojaa. Karatasi ya chooni huwekwa kwenye pipa la pembeni, haitupwi ndani. Mabomba ni membamba. Na ukiona kulabu mbili za chuma zinatazamana ukutani kila chumba, usizing'oe. Ni za kutundikia bembea za kulalia, hamaca, ambazo ndizo kitanda cha familia nyingi za Yucatán. Katika usiku wa Mei zinashinda godoro lolote, maana upepo unapita chini yako.

Anwani zina utaratibu mzuri ukishaujua. Katikati ya Mérida barabara zenye namba shufwa zinakwenda kaskazini–kusini na namba huongezeka kuelekea magharibi. Zenye namba witiri zinakwenda mashariki–magharibi na huongezeka kuelekea kusini. Kwa hiyo “calle 60 x 57 y 59” ni nyumba iliyo barabara ya 60, kati ya 57 na 59. Usihangaike na namba ya nyumba kwa kuwa hazifuatani vizuri. Taja barabara mbili zinazoikata. Kosa la wageni ni kusahau colonia, jina la mtaa. Vitongoji vingi vina namba zao zilezile, na dereva aliyeambiwa “calle 20” bila mtaa anaweza kukupeleka upande wa pili wa mji.

Kuhusu adabu, Mswahili hapati shida. Ukiingia dukani, kliniki au kwenye foleni unawasalimia wote waliopo, buenos días au buenas tardes, kabla ya kusema shida yako. Mkubwa anaitwa don au doña kwa jina lake la kwanza, na mtu usiyemjua unamwita usted. Ukiwapita watu wanaokula unawaambia provecho. Anayeanza na swali bila salamu huhudumiwa, ila kwa ubaridi, na atadhani watu wa huku wana roho mbaya.

Izamal kwa basi

Basi la Izamal haliondoki stendi kuu ya calle 70 ambako mabasi ya kifahari huenda Cancún. Linaondoka stendi za daraja la pili zilizo eneo la soko, pande za calle 67 na calle 50. Ukimwambia dereva wa teksi “terminal” tu atakupeleka calle 70, basi mtajie barabara. Tiketi ni taslimu. Safari ni saa moja na nusu hivi, kwa kuwa basi linasimama vijijini. Panda kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia ya ukingo mpana, viatu vya soli inayoshika, na sarafu za peso 5 na 10 za kutosha: choo, kofia ya mwanamuziki, mzee wa matunda, hakuna kati yao mwenye chenji ya noti ya 500.

Kuna Treni ya Maya, iliyoanza mwishoni mwa 2023, nayo ina kituo cha Izamal. Kwa safari ya siku moja siipendekezi. Kituo cha Mérida kiko Teya, nje ya mji, unakifikia kwa basi jingine; na cha Izamal nacho kiko nje ya mji. Ukijumlisha kusubiri na kuunganisha, ile saa ya asubuhi yenye ubaridi, ambayo ndiyo sababu ya kuamka mapema, imekwisha.

Mwenye gari ashike barabara ya 180 ya bure mpaka Hoctún, kisha akate kaskazini. Akipitiliza hadi Kantunil atajikuta mdomoni mwa barabara ya kulipia, ingawa hata hapo kuna njia ya kaskazini kupitia Sudzal. Anayetaka kuona vijiji apitie Tixkokob, mji wa wafumaji wa bembea, na Cacalchén. Kinachoharibu magari njia hii ni matuta, topes. Kila kijiji kina yake, mengine hayana rangi wala kibao, na kivuli cha mti huyaficha kabisa. Ukiona kanisa au uwanja wa mpira mbele, punguza mpaka mwendo wa kutembea. Kituo cha mafuta unahudumiwa. Hakikisha mashine inaonyesha sifuri kabla hajaanza kujaza, na umwachie chochote kidogo.

Izamal wote umepakwa manjano ya kiini cha yai na mistari myeupe, na unazungukika kwa miguu. Barabara zina mfumo uleule wa namba. Watu hushuka kwenye basi wakakimbilia konventi, nyumba ya watawa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Anza na piramidi. Kinich Kakmó iko vitalu vichache tu kaskazini mwa uwanja wa kati, haina kiingilio, na ngazi zake hazina kivuli hata kidogo. Kufika saa nne jua limeshapasha mawe moto.

Piramidi hii, ya mungu wa jua, ni kati ya kubwa kabisa za Meksiko kwa ujazo: kitako chake ni kama mita 200 kwa 180, na urefu unakaribia mita 35. Ukubwa huo hauonekani ukiwa barabarani kwa sababu nyumba zimejengwa kuizunguka hadi miguuni. Unapanda kwanza jukwaa pana lenye nyasi na miti, na wengi hudhani wamefika, kumbe kilele chenyewe kimeketi juu ya jukwaa hilo, upande wa mbali. Mawe ya ngazi ni membamba na hayalingani. Kupanda si tabu. Kushuka ndiko kunakotia watu hofu. Shuka kwa mshazari, ubavu ukitazama chini, na mguu wote ukanyage jiwe kwa upana. Mvua ikiwa imenyesha usipande, chokaa iliyolowa inateleza kama sabuni. Kutoka juu nchi ni tambarare pande zote, hakuna kilima wala mto, kwa kuwa mito ya Yucatán inapita chini ya ardhi. Kusini unaona konventi, na ukitazama vizuri unaona kwamba nayo imesimama juu ya kilima ambacho si cha asili.

Hapo ndipo ulipo uzito wa Izamal. Konventi ya San Antonio de Padua ilijengwa na Wafransisko kati ya 1553 na 1561 juu ya jukwaa la piramidi nyingine, Pap Hol Chac, kwa mawe ya piramidi hiyohiyo. Mchoraji wa ramani alikuwa mtawa Juan de Mérida. Msimamizi wa misheni alikuwa Diego de Landa. Wabebaji wa mawe walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa rasi hii ambao wazee wao ndio waliojenga piramidi. Njia za mteremko zinapanda hadi uwanja mkubwa wenye nyasi uliozungukwa na matao 75, na inasemwa kuwa kwa ukubwa unaufuata uwanja wa Mtakatifu Petro wa Vatikani. Usipige picha ya matao ukaondoka. Tembea taratibu kando ya kuta na utafute mawe yaliyochongwa michoro ya mstari unaojikunja kwa pembe: ni mawe ya hekalu la zamani yaliyopangwa ukutani kama mawe mengine yoyote. Karibu na mlango wa kanisa kuna picha za ukutani za karne za mwanzo zilizokuwa zimefunikwa na chokaa. Nyuma ya madhabahu, ghorofani, kuna chumba cha Bikira wa Izamal, mlezi wa Yucatán, ambaye sikukuu yake ni Desemba 8. Uwanjani ipo sanamu ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja hapa tarehe 11 Agosti 1993 kukutana na watu wa asili wa bara la Amerika.

Landa anastahili kutajwa kwa jambo jingine pia, na sioni vema kuzunguka viwanja vyake bila kulijua. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, kusini ya hapa, aliwatesa Wamaya kwa kosa la kurudia ibada zao, akachoma vitabu vyao vya maandishi na sanamu kwa maelfu. Baadaye, akiwa Hispania kujibu mashtaka, aliandika maelezo marefu ya maisha na maandishi ya Wamaya, na maelezo hayohayo ndiyo yaliyowasaidia wataalamu wa karne ya 20 kuanza kuyasoma tena maandishi hayo. Akarudi Yucatán akiwa askofu, akafa mwaka 1579. Kimaya bado kinasemwa sokoni Izamal, mita chache kutoka kwenye matao hayo. Simama dakika tano penye mboga utakisikia.

Jumapili kanisa lina misa mfululizo, na kupita katikati ya waumini na kamera ni utovu wa adabu. Jumatatu baadhi ya makumbusho hufungwa. Jumanne mpaka Ijumaa ndizo siku zenyewe. Magari ya farasi yamejipanga uwanjani: kubaliana bei na njia kabla hujapanda, na baada ya saa tano waache farasi wapumzike.

Chakula kitafutwe sokoni kabla ya saa sita. Cochinita pibil ni nyama ya nguruwe iliyopakwa mbegu za mzingefuri na maji ya danzi, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa polepole, kiasili ndani ya shimo ardhini. Ni chakula cha asubuhi na huisha mapema. Panucho ni tortila, mkate bapa wa mahindi, iliyochomwa kwenye bamba kavu hadi ikavimba, ikapasuliwa ubavuni, ikajazwa maharage meusi yaliyopondwa, kisha ikakaangwa, juu yake nyama ya bata mzinga, parachichi na vitunguu vilivyolowekwa kwenye danzi mpaka vikageuka waridi. Salbute ni ndugu yake asiye na maharage. Waislamu wajue kwamba bata mzinga juu haimaanishi chakula hakina nguruwe: maharage na unga mara nyingi hupikwa kwa manteca, mafuta ya nguruwe, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa hayohayo. Uliza vyote viwili, kama kuna puerco na kama kuna manteca. Samaki, mayai ya kuchemsha, matunda na juisi ya rozela, ambayo huku inaitwa jamaica, ndizo njia salama. Kibakuli cha mezani chenye vitunguu na vipande vya rangi ya chungwa ni pilipili habanero, jamii moja na pilipili mbuzi yetu. Onja kwa ncha ya kijiko.

Njia nzima, dirishani, utaona mashamba yaliyoachwa yenye mimea ya majani marefu kama mikuki, na mabomba ya moshi ya matofali katikati ya pori. Mtu wa Tanga hatahitaji kuelezwa. Huu ni henequén, ndugu wa mkonge, uliowatajirisha wenye mashamba ya Yucatán mwishoni mwa karne ya 19 kwa jasho la Wamaya waliofungwa na madeni. Vinatofautiana kwa kuangalia karibu: ukingo wa jani la henequén una miiba kama msumeno, wakati jani la mkonge wetu kwa kawaida ni laini ukingoni na mwiba uko nchani tu. Miche ya mkonge ilipelekwa Florida kutoka rasi hii katika miaka ya 1830 na Henry Perrine, aliyekuwa konsuli wa Marekani huko Campeche. Kutoka Florida, mwaka 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Miongo michache baadaye Tanganyika ilikuwa inauza nje mkonge kuliko nchi yoyote duniani, na mashamba haya ya Yucatán yalikuwa yanakufa. Asili ya mashamba ya Korogwe na Muheza ni huku.

Ukishuka tu asubuhi, kabla ya lolote, muulize mkata tiketi saa ya basi la mwisho la kurudi, na uombe akuandikie, kwa sababu ratiba ya Jumapili na sikukuu si ile ya siku za kazi. Lenga basi la saa nane au tisa mchana. Kati ya Juni na Oktoba mvua ya radi hushuka alasiri, barabara za Mérida hujaa maji kwa nusu saa na teksi hupandisha bei. Anayerudi saa tisa, mvua humkuta yuko chini ya paa.